Mbegu Juu ya Pikipiki ya Bwana Kishindo

SHAIBU: Haloo! Haloo Haneti! Haneti, mpo au mmehama?

NIKODEMO: Tupo, tupo. Nani huyo? Paza sauti, waya unanguruma.

SHAIBU: Stesheni Dodoma hapa! Shaibu!

NIKODEMO: Aa, mtani wangu Mnyamwezi. Mtumwa wangu. Mbukwa.

SHAIBU: Mbukwa, mzee, na Kigogo chenu. Shikamoo, ingawa hustahili.

NIKODEMO: Marahaba. Mbona sauti imekwisha hivyo? Umekula pilipili?

SHAIBU: Sijalala, Nikodemo. Treni ya mizigo ilichelewa, nikaipokea mimi. Nikasema sasa nitaweka ubavu chini. Nani aniache? Bwana Kishindo, Mdachi wetu, huyu hapa na pikipiki yake, anaiwasha, anaizima, anaiwasha. Dodoma nzima imeamka. Hata muadhini leo ameadhini mara mbili, hakuna aliyemsikia mara ya kwanza.

NIKODEMO: [anacheka kidogo] Pole.

SHAIBU: Pole haijazi tumbo. Sikiliza, nimekupigia kwa—

NIKODEMO: Ngoja. [waya unakwaruza] Ngoja, usiongee, kuna ndege amekaa, au ni twiga tena. Zungusha mkono wa simu kidogo.

SHAIBU: Nazungusha. Sasa?

NIKODEMO: Sasa afadhali. Wiki hii twiga wamenikatia waya kule Mayamaya, nimekwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mimi na wewe nani amechoka?

SHAIBU: Basi tumechoka wote, mlinzi wa simu na karani wa stesheni. Tusishindane. Nikwambie habari njema. Anakuja leo.

NIKODEMO: Nani?

SHAIBU: Nani tena! Bwana Kishindo. Leo hii. Anakunywa kahawa yake hapa ukumbini, akimaliza anapanda. Jua likianza kushuka atakuwa mlangoni kwako.

NIKODEMO: [waya unanguruma]

SHAIBU: Haloo?

NIKODEMO: Nipo. Ulisema Jumatatu.

SHAIBU: Nilisema yeye alisema Jumatatu. Mdachi ana saa mfukoni, lakini saa ni yake. Ameapa mbele ya wenzake kwamba atatoka Dodoma mpaka Arusha na kurudi bila kuomba petroli kwa mtu. Jana mmoja alimcheka mezani. Basi leo hashikiki.

NIKODEMO: Leo.

SHAIBU: Leo. Na mbegu yako iko juu ya pikipiki! Husemi hata alhamdulillahi? Au ninyi mnasema nini huko misheni?

NIKODEMO: Tunasema asante Mungu. Asante, Shaibu. Kweli asante. Ni... uwele wenyewe?

SHAIBU: Uwele mtupu, debe zima, umepepetwa na mke wangu Stara kwa mikono yake. Wa shamba letu la Chang'ombe, ule unaowahi, hautaki mvua nyingi. Stara anasema mwambie mkeo Raheli asipande kwa kubana.

NIKODEMO: Nitamwambia. Yuko hapa mlangoni, anasikiliza. Ameshasikia. [mbali: "Raheli, ndiyo. Ndiyo. Leo."] Anapiga vigelegele, unasikia?

SHAIBU: Nasikia kama sauti ya panya. Lakini nasikia.

NIKODEMO: Mvua ilinyesha juzi na jana. Ardhi imelainika, Shaibu, ukichoma kidole kinazama chote. Nyumba zote za kilimani hapa wamelima, wamekaa na majembe. Hakuna mwenye punje. Mwaka jana tulikula mbegu. Unajua mtu anakula mbegu akiwa amefika wapi?

SHAIBU: Najua.

NIKODEMO: Na ile uliyotuma kwanza—

SHAIBU: Usinikumbushe. Ililiwa njiani. Na sikumlaumu yule mpagazi, alikutana na watu wenye watoto wamevimba miguu. Ningekuwa mimi ningetoa. Ndiyo maana nikasema safari hii mbegu ipande na Mdachi. Nani atamsimamisha Mdachi na kishindo kile? Hata simba wanapisha.

NIKODEMO: Alikubalije, lakini? Mzungu abebe uwele wa Wagogo?

SHAIBU: Hajui kama amekubali! [anacheka] Ilikuwa hivi. Petroli yake debe moja imefungwa ubavu wa kushoto. Akajaribu hapa mbele ya stesheni. Pikipiki ikaelemea, tii, Bwana chini, miwani huko, kofia kule. Hakuna aliyethubutu kucheka. Fundi Halfani akaona aibu kwa niaba yake. Akasema, Bwana, lazima ubavu wa pili uwe na uzito kama huu. Bwana akasema tieni mchanga. Ndipo nikaingia mimi. Bwana, kwa nini ubebe mchanga? Beba nafaka, uzito ni ule ule. Ukifika Haneti unashusha nafaka, unapandisha pale pale debe lako la petroli linalokusubiri, unakwenda zako umelingana kushoto na kulia. Akanitazama. Akasema, we Shaibu una akili. Akanipa sigara.

NIKODEMO: Debe linalomsubiri.

SHAIBU: Lile tulilolituma na wapagazi mwezi jana. Liko kwako. Ndiyo nimekupigia. Ulitoe uliweke barabarani kivulini, uwe na faneli na kitambaa safi cha kuchujia. Hataki kungoja. Na usimpe maneno mengi, mpe petroli, chukua mbegu, mwage—

NIKODEMO: Shaibu.

SHAIBU: Naam.

NIKODEMO: Huyo punda wake wa chuma... akishiba anafika wapi?

SHAIBU: Kivipi?

NIKODEMO: Nauliza tu. Tangi lake likijaa na lile debe la kushoto. Bila la kwangu.

SHAIBU: Tangi linampeleka mpaka karibu na Kondoa, kwa mchanga ule. Debe la kushoto linamfikisha Arusha. La kwako ndilo la kumrudisha. Arusha hakuna petroli sasa hivi, na hata ingekuwapo, ameapa.

NIKODEMO: Na akienda taratibu?

SHAIBU: Akienda taratibu anakula kidogo, ndiyo. Halfani anamwambia kila siku. Nenda taratibu, jaza tairi ziwe ngumu, toka asubuhi kabla petroli haijapaa na jua. Yeye anajibu, mimi si mpagazi.

NIKODEMO: Na akizima mashine kwenye miteremko?

SHAIBU: Miteremko ipi, Nikodemo? Hapa mpaka vilima vya Chenene ni tambarare kama mkeka.

NIKODEMO: Na kama anaacha mizigo mingine. Akiwa mwepesi, si anafika mbali?

SHAIBU: Nimemwomba aache sanduku la chupa zake. Amenitazama kama nimemwomba aache mguu.

NIKODEMO: Na mafuta ya taa? Yakichanganywa? Ninayo ya taa ya kibanda.

SHAIBU: Kiasi gani?

NIKODEMO: Chupa moja. Haijajaa.

SHAIBU: Halfani anasema pikipiki inavumilia mafuta ya taa yakiwa machache, yakizidi inakohoa na kuzima. Lakini chupa moja— Nikodemo, kwa nini unaniuliza maswali ya fundi asubuhi yote hii?

NIKODEMO: Nauliza tu, nijue.

SHAIBU: Nikodemo. Debe liko wapi?

NIKODEMO: Debe lipo.

SHAIBU: Na petroli?

NIKODEMO: [Waya unanguruma.]

SHAIBU: Yallah. Wameiba?

NIKODEMO: Nani aibe kitu kinachonuka vile? Hata mbuzi wanapita mbali. Imemwagika, Shaibu. Yote. Imeingia ardhini.

SHAIBU: Uliipiga teke?

NIKODEMO: Afadhali ningeipiga teke. Niliitunza! Hicho ndicho kinachoniuma. Niliitunza kuliko mtoto. Nikaifunika gunia, nikalitia maji gunia, petroli isipate joto. Siku moja nikaona kwenye kona ya chini, pale walipounga bati kwa risasi ya kuyeyusha, pana tone. Linatoka, linakauka. Linatoka, linakauka. Nikasema hili litanikondesha. Nikachukua nta.

SHAIBU: Nta?

NIKODEMO: Nta ya nyuki. Baba yangu alikuwa mrina asali, unajua. Mzinga ukipasuka, nta. Kibuyu kikivuja, nta. Sijaona katika maisha yangu kitu kilichoshinda nta. Nikaikwangua ile kona iwe safi, nikalainisha nta kwa mkono, nikabandika, nikasugua na kidole mpaka ikang'aa. Tone likakoma. Nikalala usingizi mzuri.

SHAIBU: Ee Mola.

NIKODEMO: Asubuhi nta imekuwa uji. Kona imefunguka kuliko mwanzo. Debe linalia kama ngoma.

SHAIBU: Petroli inakula nta, Nikodemo! Inaiyeyusha! Kila fundi— Halfani anaziba kwa kipande cha sabuni. Sabuni haiyeyuki ndani ya petroli. Au gundi! Gundi ya mgunga, basi, hata hiyo inashika!

NIKODEMO: Gundi ya mgunga.

SHAIBU: Ndiyo.

NIKODEMO: Mgunga uko mlangoni kwangu. Watoto wanatafuna gundi yake mchana kutwa. Usiseme kitu. Maji yakimwagika hayazoleki.

SHAIBU: Na hayakuwa maji. Lini hii?

NIKODEMO: Tangu manyunyu ya kwanza, kabla ya mvua hizi. Raheli hawashi moto ndani, anaogopa nyumba itaruka. Tunakula uji baridi. Nikawa nasema Shaibu akipiga nitamwambia, atanitumia jingine kwa wapagazi, Bwana mwenyewe ni Jumatatu. Na wewe ukawa hupigi, na waya ukawa umekatika, na mimi niko Mayamaya nashindana na twiga.

SHAIBU: Angalau sema wapagazi ndio—

NIKODEMO: Hapana.

SHAIBU: Sikiliza kwanza. Sema walilifikisha likiwa limeshavuja.

NIKODEMO: Walilifikisha limejaa. Nililinyanyua mimi mwenyewe, likanivunja kiuno. Unataka wale wakachapwe kwa nta yangu? Mmoja ni Elieza, shemeji yangu. Hapana, Shaibu.

SHAIBU: Unajua atakachofanya.

NIKODEMO: Najua. Hamsa ishirini. Nilishazionja mwaka ule twiga walipokata waya na wao wakasema nililala. Fimbo ishirini na tano zile, mtu hawezi kuzihesabu zote. Nilihesabu mpaka kumi na nne, nikapotea. Na nilikuwa kijana kuliko sasa.

SHAIBU: Ulikaa miezi miwili unalala kifudifudi.

NIKODEMO: Raheli alikuwa ananilisha kama ndege.

SHAIBU: Nikodemo, subiri. Subiri hapo hapo, usikate. Nina wazo. Usiondoke!

NIKODEMO: Niende wapi?

[Waya unanguruma. Mbali, mashine inawaka na kuzimika.]

SHAIBU: Haloo! Upo?

NIKODEMO: Nipo.

SHAIBU: [anahema] Tumepona! Amekubali!

NIKODEMO: Amekubali nini?

SHAIBU: Nimekwenda mpaka mezani kwake. Nimesema Bwana, Haneti wamepiga simu, mvua imenyesha sana, njia ni matope, pikipiki itakula mara mbili. Afadhali ubebe petroli ya kutosha kutoka hapa hapa, la Haneti liwe akiba. Stoo lipo debe jingine. Akafikiri. Akasema gut, vema, fungeni. Sasa huhitaji kumpa kitu! Atapita kwako anapunga mkono. Na kabla hajarudi kutoka Arusha nitakuwa nimekutumia debe jingine kwa wapagazi, nimeliziba kwa sabuni mimi mwenyewe. Petroli hailiwi na mtu njiani. Itafika. Umeona akili ya Mnyamwezi? Babu zenu walitutoza hongo kwa kila kibuyu cha maji hapa Ugogo, sasa nani anamwokoa nani?

NIKODEMO: [anavuta pumzi] Mungu akubariki. Mungu akubariki, Shaibu, wewe na Stara.

SHAIBU: Amina. Halfani yuko nje anafungua kamba sasa hivi.

NIKODEMO: Anafungua kamba ya nini?

SHAIBU: Ya debe la kulia. Ili afunge lile la—

NIKODEMO: La kulia ndilo la mbegu.

SHAIBU: Nikodemo...

NIKODEMO: Pikipiki haichukui matatu?

SHAIBU: Haichukui. Wiki iliyopita tulijaribu, spoki za gurudumu la nyuma zilikatika kama majani.

NIKODEMO: Nusu kwa nusu?

SHAIBU: Nimeuliza. Nusu ya petroli haimrudishi, itamwacha porini huko mbele ya Kondoa. Na hapo hatakuchapa wewe peke yako.

NIKODEMO: Mbegu ibaki Dodoma.

SHAIBU: Ibaki kidogo tu. Nitatafuta njia. Nitaongea na watu wa misafara—

NIKODEMO: Misafara ipi? Watu wote wenye mabega wameshikwa kazi ya barabara. Na ikipatikana, italiwa. Umesema mwenyewe.

SHAIBU: Basi ngoja arudi kutoka Arusha, safari ya pili—

NIKODEMO: Mvua haingoji Mdachi, Shaibu. Wewe mtoto wa stesheni umesahau. Hii ardhi yetu inalainika siku chache, halafu inafunga mdomo. Ukipanda imefunga, umelisha ndege.

SHAIBU: Nikodemo, mimi nakuonea wewe huruma! Si uwele! Nilimwona mtu juzi hapa bomani amechapwa, ana umri wako. Hakuinuka. Sikwambii nikutishe. Hakuinuka! Sema kitu.

NIKODEMO: Naogopa, Shaibu. Sikufichi. Ukisema "petroli ikae" nitafurahi. Nitafurahi sana. Halafu nitatoka nje nimwambie Raheli nini? Ameshapiga vigelegele. Wameshasikia kilimani wote. Wanashuka sasa hivi, nawaona kwa huu mlango, wanawake na majembe begani. Yupo Hana wa Yotham, yule aliyezika watoto wawili kiangazi. Anacheka. Sijamwona akicheka tangu kiangazi.

SHAIBU: Usinifanyie hivyo.

NIKODEMO: Nifanye nini? Nimwambie mgongo wangu umekula mbegu yake?

SHAIBU: Wewe ni mzee!

NIKODEMO: Ndiyo. Na ni mimi niliyetia nta. Hana hakutia nta. Rudisha mbegu.

SHAIBU: Siwezi.

NIKODEMO: Rudisha mbegu, mtani wangu. Ukikataa leo, hata msibani kwangu usije.

SHAIBU: Hilo usiseme! Nani atakuzika ukifa, kama si Mnyamwezi? Nani atawachekesha waliao?

NIKODEMO: Basi fanya upesi, maana kahawa ya Mdachi si ziwa. Itakwisha.

SHAIBU: Nitamwambia nini sasa? Nimemdanganya mara moja, nikirudi tena—

NIKODEMO: Mwambie kweli kidogo. Mwambie debe la stoo linavuja.

SHAIBU: Haya. Haya. Nakwenda. Usikate.

[Waya unanguruma, unakwaruza. Mbali, kwa Haneti, wanawake wanaimba kidogo, wanaacha.]

NIKODEMO: Haloo? Dodoma? ...Raheli, njoo karibu. Hapana, hakuna neno. Njoo tu usimame hapa.

[Hatua za mbio zinaikaribia simu ya Dodoma.]

SHAIBU: Haloo.

NIKODEMO: Sema.

SHAIBU: Nimemwambia linavuja. Halfani ameniangalia, akaelewa, hakuuliza. Amepitisha kidole chini ya debe zima kabisa, akasema kweli Bwana, hili bovu. Mbegu imerudi ubavuni.

NIKODEMO: Asante.

SHAIBU: Usinishukuru, nitatapika. Bwana ameniuliza. Ameniuliza, Shaibu, Haneti kuna debe zima? Nikasema lipo.

NIKODEMO: Kwa nini ulisema?

SHAIBU: Ningesema halipo, angekaa. Si ulitaka aje?

NIKODEMO: Basi na wewe umejitia ndani. Akirudi atakutafuta.

SHAIBU: Nitasema simu ilikuwa inakwaruza, sikusikia vizuri. Hilo hata Wadachi wanalijua, waya huu ni wa twiga. Na nikichapwa na mimi, tutalala kifudifudi pamoja tutukanane vizuri.

NIKODEMO: [anacheka, anakohoa] Mtumwa wangu weye.

SHAIBU: Nikodemo, sikiliza sasa, hili si la utani. Usiwe mjinga akifika. Asije akaona debe tupu, akakasirika, akapanda tena na mbegu.

NIKODEMO: Nimeshafikiri hilo. Akishuka, hata salamu sitampa kwanza. Nitafungua debe la mbegu. Raheli na wenzake watakuwa wamesimama na vibuyu, kila mmoja anakinga, anakimbia shambani kwake. Mashimo yameshachimbwa tangu jana. Ikishaingia ardhini nani ataichambua?

SHAIBU: Na wewe?

NIKODEMO: Mimi nitamletea maji ya kunawa. Nitamwuliza habari za njia. Nitamwuliza pikipiki inaitwaje kwao, imetoka mji gani, inakula nini. Mwenye kitu kipya anapenda kuulizwa. Nitamchelewesha mpaka nione yule wa mwisho amepiga magoti kwenye shimo lake. Halafu nitamwambia.

SHAIBU: Mwambie polepole.

NIKODEMO: Nitamwambia tu. Polepole au haraka, fimbo ni zile zile.

[Kishindo cha mashine, karibu sana. Kinaongezeka.]

SHAIBU: Huyo! Huyo anatoka! Sikia! Nimetoa simu dirishani, sikia!

[Kishindo. Kinapungua. Kinapotea.]

NIKODEMO: Nimesikia.

SHAIBU: Amekwenda wima, hakuelemea hata kidogo. Petroli kushoto, uwele kulia.

NIKODEMO: Mwambie Stara tutapanda kwa nafasi, kama alivyosema.

SHAIBU: Mwambie Raheli... sijui. Mwambie shikamoo yake.

NIKODEMO: Na babu yako mwambie ile hongo ya maji tumeisamehe.

SHAIBU: Babu yangu amekufa, Mgogo we.

NIKODEMO: Basi mwambie ukimwona. Betri yangu inakufa, sauti yako inakwenda mbali.

SHAIBU: Kondoa nao wanapiga kengele, wanataka waya. Nikodemo! Nitampigia Bwana wa boma la Kondoa, nitasema—

NIKODEMO: Usiseme kitu. Kalale, hujalala. [mbali: "Raheli! Waambie wakae mstari, wenye watoto mbele. Na yale mafuta ya kondoo, kwenye kibuyu kile kidogo, usiyapikie. Yaweke juu ya kitanda changu."]

SHAIBU: Mafuta ya nini? Haloo? Nikodemo, mafuta ya nini?

NIKODEMO: Ya mgongo. Kwaheri, mtani.